Udongo Si Taka: Nani Atapima Hasara ya Shamba Lililoachishwa Nafaka?

Kila mwaka, katika majuma ya kwanza ya muhula, hutokea mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza hapa Nsambya akaniandikia sentensi ya namna hii: "Babu yangu ana taka nyingi huko kijijini." Darasa hucheka, kisha hunyamaza, kwa kuwa wengi wao hawajui kosa liko wapi. Kwa Kiganda, ettaka ni ardhi, tena ni udongo. Ni urithi, ni heshima, na aghalabu ni sababu ya ndugu kufikishana mahakamani. Kwa Kiswahili, taka ni kitu cha kutupwa. Mtoto alikusudia kumsifu babu yake kuwa ana mali, naye amemwambia mwalimu kuwa babu ana jalala.

Kosa hilo nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu miaka mingi bila kulitafakari. Mwaka huu nimelitafakari, na aliyenifanya nilitafakari ni babu mmojawapo.

Mzee huyo alikuja shuleni kulipa karo ya mjukuu wake. Ni mstaafu wa reli. Aliishi muda mrefu katika nyumba za reli hapa hapa Nsambya, na Kiswahili chake ni kile cha wafanyakazi wa reli, chepesi na kisicho na haya. Alipostaafu alirudi kwao Busoga, wilaya ya Luuka, akalima mahindi, maharage na wimbi kidogo. Baadaye akamkodisha mpanda miwa mmoja ekari 3 za shamba lake. Mkataba ulikuwa karatasi moja, umeshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1, nao ulitaja mambo matatu: ukubwa wa shamba, kodi yake, na idadi ya mavuno. Mavuno yalipokwisha, mpangaji akang'oa mguu. Mzee akapanda mahindi. Yalitoka mafupi, majani yake yana rangi ya zambarau ukingoni, na mvua kubwa ikinyesha maji yanakaa juu kama yaliyomwagwa sakafuni.

"Mwalimu," akaniambia, "niliwapa shamba, wakanirudishia ukubwa wake. Shamba lenyewe sikurudishiwa."

Nimelinukuu neno hilo darasani mara kadhaa, maana sijapata kusikia suala hili likielezwa kwa maneno machache zaidi.

Busoga haikuanza jana kuambiwa ipande kisicholiwa. Pamba iliingizwa Uganda mwaka 1903 kwa ajili ya viwanda vya Uingereza, na mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali, iliyobeba pamba kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akaanzisha kiwanda cha sukari Kakira, karibu na Jinja. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliiangusha kazi hiyo, nayo ikafufuliwa miaka ya 1980. Hata hivyo, kwa muda mrefu miwa ilikuwa hasa shughuli ya mashamba makubwa ya kiwanda. Jambo jipya ni kwamba katika miongo ya karibuni, viwanda vilipoongezeka Mayuge, Kaliro, Kamuli na kwingineko, muwa ulitoka kwenye mashamba hayo ukaingia katika viwanja vya ekari moja, mbili, tatu, vile ambavyo familia ilikuwa ikivitegemea kwa chakula.

Muwa wa kwanza hukaa shambani muda wa miezi 18 hivi. Ukikatwa, visiki vyake huchipua tena, na machipukizi hayo huvunwa mara mbili, tatu au zaidi kabla ya kung'olewa. Kwa hiyo shamba likishaingia katika miwa, halitoki kabla ya miaka 5 au 6. Busoga ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Fanya hesabu: miaka 5 ni misimu 10 ya nafaka ambayo haikupandwa.

Sisi wa Nsambya tunalijua jambo hili kutoka mwisho wake wa pili. Mahindi yanayosagwa katika vinu vya Kisenyi, mwendo mfupi tu kutoka kilimani kwetu, ndiyo posho inayoliwa shuleni mchana, siku baada ya siku. Bei ya posho ikipanda, bwana mkubwa wa jikoni hupunguza kipimo cha mwiko, na mtoto wa kidato cha kwanza huijua sera ya kilimo ya nchi yake kwa tumbo kabla hajaijua kwa kitabu.

Lakini sitaki tumlaumu mkulima. Kwa nini aliikubali miwa? Kwa sababu mahindi huvunwa na watu wote kwa wakati mmoja, na bei yake huanguka siku ile ile mkulima anapohitaji fedha. Kwa sababu mahindi yakikosa jua la kuyakausha huota ukungu wenye sumukuvu. Na mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, wapo waliobaki na magunia wasijue wayapeleke wapi. Muwa hauhitaji ghala. Hulipa kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaolipa karo. Hata karo aliyokuja kulipa mzee wetu, nashuku, mwanzo wake ulikuwa ule ule mkataba wa karatasi moja. Mwalimu anayelaumu miwa huku mshahara wake ukitoka kwenye karo anapaswa kuwa mwangalifu na ulimi wake.

Hoja yangu ni nyingine. Ni kwamba shamba limeachishwa nafaka, limetumika miaka, limerudishwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeupima udongo wake wakati wa kwenda wala wakati wa kurudi. Muwa ulipimwa kwa tani langoni mwa kiwanda. Sukari ilipimwa kwa kilo. Kodi ilihesabiwa kwa shilingi. Kilichozaa vyote hivyo hakikupimwa kwa kitu chochote.

Wanafunzi wangu wanajua kuwa napenda kuuliza neno limetoka wapi. Neno "tathmini" limetoka katika Kiarabu, na ni ndugu wa neno "thamani". Kufanya tathmini, basi, ni kukitambulia kitu thamani yake. Usichokifanyia tathmini umeshakihukumu kuwa hakina thamani, hata kama mdomoni unakiita urithi wa mababu. Hapo ndipo nilipoiona upya ile sentensi ya mtoto wa kidato cha kwanza. Katika mikataba yetu ya kukodisha mashamba, ettaka kweli imekuwa taka.

Sasa, udongo hupimwaje? Niliuliza kwa wanaojua, nami naeleza kwa lugha ya darasani, kwa sababu raia asiyejua kinachopimwa hawezi kudai kipimwe.

Jambo la kwanza ni chakula cha mmea. Muwa ni mmea mkubwa; kila lori linaloondoka shambani linaondoka pia na naitrojeni, fosforasi na hasa potasiamu nyingi. Visiporudishwa kwa mbolea au samadi, akiba hupungua. Mahindi yenyewe hutoa ushahidi: ukingo wa zambarau kwenye majani machanga aghalabu ni dalili ya upungufu wa fosforasi, umanjano unaoanzia nchani na kushuka katikati ya jani ni wa naitrojeni, kingo za majani ya chini zinazokauka kama zilizounguzwa ni za potasiamu. Hizi ni dalili tu. Homa nayo ni dalili, na daktari mwema hamwandikii mtu dawa kwa kumgusa paji la uso.

La pili ni uchachu, unaopimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo cha 7 ni cha kati. Chini ya hapo udongo ni mchachu. Mahindi hustawi baina ya 5.5 na 7. Udongo ukishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi, na fosforasi hufungwa isiweze kufyonzwa, hata ukiimwaga kwa gunia. Baadhi ya mbolea za naitrojeni, zikitumika mwaka baada ya mwaka bila chokaa, huongeza uchachu huo. Ndiyo maana mkulima anaweza kununua mbolea, akaitia, na asione kitu. Kisha akamwita muuza mbolea mwizi, ilhali mwizi yumo ardhini.

La tatu ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wadudu yaliyooza na kuupa udongo weusi wake, ulaini wake na uwezo wa kushika maji. Palipo na desturi ya kuchoma majani ya miwa, chakula cha mboji hugeuka moshi. Mboji ikiisha, nyungunyungu huhama, nao ni watumishi ambao hakuna trekta liwezalo kuchukua nafasi yao.

La nne ndilo linaloonekana kwa macho katika shamba la mzee wetu, nami nataka nikae hapo kidogo. Matrekta na malori ya miwa ni mazito, na muwa ukiiva haungoji udongo ukauke. Gari zito likipita juu ya udongo wenye maji huushindilia. Vitundu vilivyokuwa njia ya hewa, maji na mizizi huzibwa. Katika maabara hupimwa kwa kuchukua udongo ndani ya silinda ya chuma, kuukausha kwa nyuzi 105 na kugawanya uzito wake kwa ujazo wa silinda: uzito ukizidi, mizizi itapata taabu. Kijijini kuna njia isiyohitaji umeme. Chukua mkebe mkubwa wa maziwa, utoe kitako na kifuniko, uuchomeke ardhini hadi nusu, mimina maji ya kipimo kimoja, kisha hesabu dakika hadi yatakapozama yote. Rudia sehemu kadhaa.

Mzee aliporudi Luuka alifanya hivyo, pamoja na mjukuu wake aliyekuwa likizoni, katika shamba lake na katika shamba la jirani ambalo halijawahi kulimwa miwa. Mjukuu aliniletea taarifa katika daftari la insha. Kwa jirani, aliandika, maji yalizama kabla babu hajamaliza kuniambia habari za injini za mvuke. Kwa babu yalikuwa bado yanang'aa tulipoitwa kula. (Nilimpa alama nzuri. Nilimkumbusha pia kuwa dakika huandikwa kwa tarakimu.)

Hapo penye shamba la jirani pana jambo la msingi katika tathmini yoyote ya hasara. Hasara ni tofauti baina ya kilichokuwapo na kilichopo. Kama hukupima mwanzo, huna cha kutoa, na huna cha kujumlisha. Kinachobaki ni kutafuta shamba la kulinganisha: liwe kwenye mteremko ule ule, udongo wa aina ile ile, na historia inayojulikana. Usichukue bustani iliyo nyuma ya jiko, maana hiyo imelishwa majivu na maganda ya ndizi miaka 40. Itakudanganya kuwa shamba lote lilikuwa pepo. Na hata ukilipata shamba linalofaa, mpangaji mwenye wakili atakuuliza: utajuaje kuwa mashamba haya mawili yalikuwa sawa siku ile nilipokuja? Atakuwa na haki ya kuuliza.

Udongo wa kupeleka maabara nao una adabu zake za kuchukuliwa. Hutoki na konzi moja kutoka pale palipokuudhi. Unatembea shambani kwa njia ya kupindapinda, unachimba sehemu 15 au 20 kwa kina cha sentimita 20, unachanganya udongo wote katika ndoo safi, unaukausha kivulini, kisha unapeleka kiasi cha nusu kilo, ukiwa umeandika jina la shamba na tarehe. Maabara za taifa za utafiti wa kilimo ziko Kawanda, kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Bombo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina wataalamu wa udongo. Gharama ipo, lakini ni sehemu ndogo ya kodi ya mwaka ya ekari 3.

Mwenzangu anayefundisha kilimo aliisoma rasimu ya makala haya akanipinga, na pingamizi lake ni zito. Alisema: misimu 10 ya mahindi yasiyotiwa mbolea nayo ingeuchosha udongo huo huo. Zaidi ya hayo, muwa hufunika ardhi muda mrefu, na majani yake yasipochomwa huikinga na matone ya mvua, ambapo shamba la mahindi huwa tupu mara mbili kila mwaka na udongo wake ukateremka hadi mtoni. Alinipigia hesabu ambayo bado inanitisha: milimita 1 tu ya udongo ikiondoka katika ekari 1, zimeondoka mita za ujazo 4, yaani tani 5 hivi. Tabaka hilo ni jembamba kiasi kwamba hakuna jicho litakaloona limepungua.

Namkubalia kabisa. Mwaka 2006, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka huo ulipita Uganda ikiwa mbali sana na lengo, na Mei 2024 viongozi walikutana tena, safari hii Nairobi, kuzungumzia mbolea pamoja na afya ya udongo. Huenda basi shamba la mzee lilikuwa limechoka kabla ya muwa. Huenda muwa umelaumiwa kwa dhambi ya mahindi. Lakini hiyo ni sababu ya kupima, wala si sababu ya kunyamaza. Kipimo kinamlinda mpangaji mwaminifu sawasawa na kinavyomlinda mwenye shamba. Asiyetaka kupima ni yule anayefaidika na giza.

Na sheria je? Wanafunzi wa somo la uraia wanapaswa kujua kuwa hatuko jangwani. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Tangu mwaka 2001 kuna kanuni za taifa kuhusu viwango vya chini vya ubora wa udongo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira. Mara ngapi umesikia zikitajwa redioni? Nayo Sheria ya Mazingira ya 2019 imeshika msingi kwamba mwenye kuchafua ndiye mwenye kulipa. Ilipojadiliwa Sheria ya Sukari ya 2020, kelele kubwa ilikuwa juu ya leseni za viwanda na umbali kati ya kiwanda na kiwanda. Udongo haukupata msemaji wa kelele hiyo.

Tena kuna kifungu cha Sheria ya Ardhi ambacho waume wengi hujifanya hawakijui: ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inajipatia riziki kwayo haiuzwi wala haikodishwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Nilimuuliza mzee kama mama wa nyumbani kwake alitia sahihi. Alitazama chini, akaniuliza kama risiti ya karo iko tayari. Nadhani mama huyo, ambaye ndiye aliyekuwa akipalilia wimbi, angeuliza swali moja au mawili kabla ya trekta kuingia.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni haya: mkataba wowote wa kukodisha shamba la chakula kwa zao la miaka mingi usishuhudiwe na LC1 mpaka uwe na karatasi ya pili, yenye majibu ya maabara ya siku ya kukabidhi shamba. Siku ya kulirudisha lipimwe tena, kwa gharama ya mpangaji. Tofauti ikionekana, alipe yeye: chokaa, samadi, mbolea, au kulima kwa kina ili kuvunja tabaka lililoshindiliwa. Halmashauri za wilaya zina maofisa wa kilimo. Kazi hii haihitaji wizara mpya. Hili likionekana kuwa mzigo kwa mpangaji, akumbuke kuwa mtu akipanga chumba kimoja hapa Nsambya, mwenye nyumba hukagua vioo na bomba kabla ya kumwachia ufunguo, na hukagua tena siku ya kuondoka. Wala hatumwoni mwenye nyumba kuwa mkorofi. Chumba hicho kingejengwa upya kwa miezi mitatu. Tabaka la juu la udongo huchukua mamia ya miaka.

Tuliandika kifungu hicho darasani, kidato cha tatu, kama zoezi la lugha ya mikataba. Tulibishana nusu saa kama tutumie "kurudisha" au "kurejesha", na kama "hasara" ni neno la haki kabla ya kipimo. Mwishowe darasa lilikubaliana hivi:

"Mwenye shamba na mpangaji watachukua sampuli za udongo kwa pamoja kabla ya kupanda na baada ya mavuno ya mwisho. Majibu yote mawili yataambatishwa kwenye mkataba huu. Upungufu utakaoonekana utarekebishwa na mpangaji kabla shamba halijakabidhiwa."

Mjukuu aliinakili kwa mwandiko wake bora akampelekea babu, kwa kuwa kuna mpanda miwa mwingine anayeulizia ekari 2 zilizosalia, zile za kando ya kisima. Mzee ametuma salamu kwamba mgeni huyo ameombwa aje tena mwisho wa mwezi. Kwanza, amesema, ataifasiri karatasi hiyo kwa Kisoga na kuisoma mbele ya mkewe.